Ibada na uzazi katika michezo ya uhusika ya njozi

Ibada na uzazi katika michezo ya uhusika ya njozi ni mada inayohusu jinsi dini za kubuni zinavyoshughulikia mimba, kujifungua na watoto wachanga katika michezo ambayo wachezaji huigiza maisha ya watu wa dunia zisizokuwepo. Katika michezo hiyo kila mchezaji ana mhusika wake, kanuni zimeandikwa kitabuni, dadu huamua mambo yenye mashaka, na mtu mmoja, yaani msimamizi wa mchezo, hueleza dunia yenyewe na kuwasemea watu wote wasio na mchezaji.

Dini hizo zinatofautiana na dini za dunia halisi kwa jambo moja kubwa: ndani ya mchezo miungu ipo bila shaka. Kuhani akiomba, jeraha hufunga mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo mama aliyeshikwa na uchungu katika dunia ya namna hiyo humwomba mungu anayejulikana kujibu, na ambaye mara nyingi hudai kitu badala yake. Swali la nani anamiliki uzazi, kama ni mama, ukoo, hekalu au mungu mwenyewe, huwa na uzito kuliko linavyoonekana mwanzoni. Hata hivyo vitabu vingi vya kanuni huandika kurasa nyingi kuhusu vita na mistari michache tu kuhusu kuzaliwa. Pale ambapo uzazi umepewa nafasi, mara nyingi umeingia kupitia mlango wa dini.

Asili katika dini za kale

Waandishi wa michezo hii walichota mengi kutoka katika dini za kale. Katika Misri ya kale, Taweret alichorwa kama kiboko mwenye tumbo la mimba aliyesimama kwa miguu miwili, na sanamu zake ndogo zilivaliwa ili kuwalinda wajawazito. Kwa Wagiriki, Eileithyia ndiye aliyesimamia uchungu wa uzazi. Hadithi yao moja husimulia jinsi Hera alivyomzuia asiende kumsaidia Alkmene, ili Herakles achelewe kuzaliwa.

Mesopotamia ilikuwa na upande wa kutisha zaidi. Lamashtu, binti wa mungu Anu, alielezwa kuwa na kichwa cha simba, akiingia nyumbani mwa watu kugusa matumbo ya wajawazito na kuiba watoto wachanga. Kinga yake ilikuwa hirizi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na sura ya Pazuzu, ambaye naye alikuwa pepo mbaya lakini mwenye nguvu za kumfukuza Lamashtu. Akina mama walivaa kichwa cha Pazuzu shingoni. Jina la Lamashtu limeingia moja kwa moja katika mchezo wa kisasa, kama inavyoelezwa hapa chini.

Michezo ya kwanza

Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitokana na michezo ya vita ya mezani, na asili hiyo inaonekana wazi: kuhani alikuwemo tangu mwanzo, lakini kazi yake ilikuwa kuponya askari na kuwafukuza wafu wanaotembea. Miungu yenyewe ilikuja baadaye, katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1976 kilichoandikwa na Robert Kuntz na James Ward, kisha katika Deities & Demigods ya mwaka 1980. Humo miungu ya Misri, Ugiriki na kwingineko ilipewa hesabu za nguvu na uhai kama adui yeyote anayeweza kupigwa. Mungu wa uzazi aliyeandikwa hivyo alikuwa na silaha na kinga, wakati kilichowafanya akina mama wamlilie hakikuhesabika.

Mwelekeo huo umedumu. Katika toleo la tano la mchezo huo (2014), kuhani anaweza kuchagua kuutumikia uhai, na hicho ndicho kipengele kilicho karibu zaidi na uzazi katika kitabu cha wachezaji. Anachopewa siku ya kwanza ni nguvu zaidi ya kufunga majeraha pamoja na ruhusa ya kuvaa deraya nzito.

Mwaka 1975 M.A.R. Barker, profesa wa lugha za Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alichapisha Empire of the Petal Throne, mchezo unaotokea katika dunia ya Tékumel. Hapo dini ilikuwa nguzo ya jamii. Avanthe ni mungu wa kike wa rutuba na wa akina mama, na Dilinala ni wa wanawake wasiotaka kuwa chini ya mwanamume. Mwanamke wa Tékumel anaweza kujitangaza kuwa aridani, na tangu hapo sheria humpa haki sawa na mwanamume. Asiyefanya hivyo hubaki chini ya ukoo, pamoja na kazi ya kuzaa na kulea. Kwa hiyo dunia hiyo iliweka pamoja, katika ibada na katika sheria, njia ya kuwa mama na njia ya kuikataa.

Glorantha

Dunia iliyolitendea jambo hili kwa kina zaidi ni Glorantha. Greg Stafford (1948–2018) alianza kuibuni mwaka 1966, ikaonekana hadharani katika mchezo wa ubao wa mwaka 1975, kisha ikawa makao ya mchezo wa uhusika RuneQuest mwaka 1978. Stafford alipenda sana visasili, na katika Glorantha hakuna mtu asiye na dini kwa maana ya kawaida. Mkulima, mganga, mwizi na mchungaji wa ng'ombe kila mmoja huishi kwa kuiga matendo ya mungu wake. Kitabu Cults of Prax (1979) kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya michezo kueleza dini kama maisha ya watu: nani anaingia, anatoa nini, anakatazwa nini, na anatarajia nini akifa.

Miongoni mwa Waorlanthi, watu wa milimani wanaomwabudu Orlanth mungu wa dhoruba, wanawake wengi humwabudu mkewe, Ernalda, mungu wa ardhi. Ardhi kwao ni familia ya miungu wa kike inayofuata umri wa mwanadamu: Voria ni msichana, Ernalda ni mke na mama, Asrelia ni bibi mzee mtunza hazina, na Ty Kora Tek huwapokea wafu chini ya ardhi. Mwanamke akipita kutoka utoto hadi uzazi hadi uzee, anapita pia kutoka mungu mmoja hadi mwingine. Ndiyo sababu kuzaa kwa Waorlanthi ni jambo la shamba na la nyumba kwa wakati mmoja. Baraka inayotakiwa kwa mbegu ndiyo inayotakiwa kwa mimba, na kuhani wa kike anayezitoa zote mbili ana sauti kubwa katika baraza la ukoo. Kanuni za mchezo zina hata sala maalumu ya kubariki mimba.

Kando ya Ernalda yupo Chalana Arroy, mungu wa uponyaji, ambaye waumini wake huapa kutomdhuru mtu. Wachezaji wengi humkumbuka kwa sababu ya vita, lakini katika kijiji kisicho na vita ndiye anayetarajiwa pale uzazi unapokwenda vibaya.

Mkasa wa Glorantha unaohusu uzazi moja kwa moja ni ule wa mazimwi, ambao wenyewe hujiita Uz. Mama yao wote ni Kyger Litor, na ibada yake ni ibada ya nasaba. Kumwabudu ni kukiri kuwa umetoka katika mwili wake, na wanaotawala ni makuhani wa kike. Katika Enzi ya Kwanza mazimwi walipigana na Nysalor, mungu aliyeumbwa na binadamu na washirika wao, ambaye maadui zake humwita Gbaji, yaani mdanganyifu. Nysalor aliwalaani. Tangu hapo mama wa mazimwi, badala ya kuzaa mtoto mmoja wa kabila lake, mara nyingi huzaa kundi la viumbe wadogo na dhaifu. Kitabu Trollpak (1982), cha Stafford na Sandy Petersen, kinaeleza maisha yanayofuata laana hiyo: viumbe hao hufanywa watumwa, hupelekwa mbele vitani, na wakati wa njaa huliwa.

Trollpak haikuiacha laana hiyo iwe hadithi ya zamani tu. Jamii inayomwabudu mama imejeruhiwa katika umama wenyewe, na kila anayejifungua anajifungua chini ya kidonda hicho. Heshima ya mwanamke, hofu ya ukoo na chuki dhidi ya adui aliyekwisha kufa zinakutana katika tukio moja. Juhudi za kuiondoa laana ni miongoni mwa mambo makubwa ya historia yao. Mchezaji anayeigiza zimwi huenda asizae kabisa katika mchezo wake, lakini hawezi kumwelewa mhusika wake bila kujua jambo hilo.

Mfano mwingine wa Glorantha umegeuza maana ya neno mama. Dola ya Mwezi ilianza mwaka 1220 wa kalenda ya dunia hiyo, watu saba walipokutana mjini Torang kufanya ibada ya kumzaa upya mungu wa kike aliyekuwa amevunjika. Waumini huwaita Mama Saba, ingawa miongoni mwao wamo wanaume: Yanafal Tarnils alikuwa mwanajeshi, Irrippi Ontor msomi, na Danfive Xaron mhalifu aliyetubu. Mmoja wa saba hao, Teelo Norri, alikuwa msichana maskini. Mungu aliyezaliwa alipanda mbinguni mwaka 1247 akawa Mwezi Mwekundu. Uzazi hapa umekuwa kazi ya ibada isiyohitaji tumbo, na wafuasi wa Orlanth na Ernalda wanaichukia Dola hiyo kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba kwao mambo ya mbinguni hayazaliwi kwa mkutano wa watu.

Lolth na watoto wa Drow

Katika Dungeons & Dragons, mfano unaojulikana zaidi ni wa Wadrow, jamii ya chini ya ardhi inayomwabudu Lolth, malkia wa buibui. Wadrow walielezwa katika vitabu vya Gygax vya mwaka 1978. Familia zao hutawaliwa na akina mama ambao pia ni makuhani, na cheo cha nyumba hutegemea upendeleo wa Lolth.

Riwaya Homeland ya R.A. Salvatore (1990) inaonyesha kuzaliwa kwa Drizzt Do'Urden katika mji wa Menzoberranzan. Nyumba yake inashambulia nyumba ya DeVir usiku uleule, na uchungu wa mama yake, Malice, unatumiwa kama nguvu ya uchawi katika shambulio hilo. Kwa kuwa Drizzt ni mtoto wa kiume wa tatu aliye hai, desturi inataka atolewe sadaka kwa Lolth mara tu anapozaliwa. Anaponea chupuchupu kwa sababu usiku huohuo kaka yake mmoja, Dinin, anamuua mwingine, Nalfein, na Drizzt anabaki kuwa wa pili.

Tukio hilo lina mantiki ya kutisha. Hakuna anayemhurumia mtoto. Hesabu tu ndiyo imebadilika. Pia linaonyesha kwamba utawala wa wanawake si sawa na heshima kwa uzazi. Wanawake wa Drow wana mamlaka yote, lakini mungu wao amefanya kuzaa kuwa silaha na mtoto kuwa malipo.

Upande mwingine wa mchezo uleule wapo miungu wa nyumbani. Berronar Truesilver, mke wa Moradin, hulinda familia na nyumba. Luthic, mke wa Gruumsh, ni mama wa pango, na kitabu cha mwaka 2016 kinachoeleza viumbe wa mchezo kinaonyesha wafuasi wake wakilea watoto na kuyalinda mapango wakati wapiganaji wako mbali. Hao ni wake wa miungu wakubwa zaidi, na maelezo yao mara nyingi huishia hapo.

Pharasma na Lamashtu

Golarion ni dunia ya mchezo wa Pathfinder, uliotolewa na kampuni ya Paizo kuanzia mwaka 2007 kama hadithi za kuchezwa, kisha mwaka 2009 kama mchezo kamili. (Wasomaji wa Kenya watatambua jina la eneo lake moja, Mwangi, ambalo kwa Wakikuyu ni jina la kawaida la mwanamume.) Dunia hii imempa mungu wa uzazi nafasi ya juu kuliko kawaida. Pharasma husimamia kuzaliwa, kifo, majaliwa na unabii. Huchorwa kwa sura tatu kulingana na kazi yake: mkunga, nabii mwenye wazimu, au mvunaji wa wafu. Kila roho huanza safari yake chini ya macho yake, na huishia mbele yake kuhukumiwa.

Makuhani wake wengi ni wakunga, na wengine huosha na kuzika maiti. Kwa wageni muungano huo unaweza kuonekana wa ajabu, lakini ndani ya imani hiyo ni kazi moja ya kulinda mlango ambao roho hupitia. Ndiyo maana wanawachukia wafu wanaotembea kuliko uovu mwingine wowote, kwa kuwa roho iliyozuiliwa upande mmoja imevuruga njia nzima. Historia ya Golarion imeongeza uzito wa ukunga huo. Mungu Aroden alipokufa, unabii ulikoma kutegemeka, na moja ya nguzo za Pharasma ikayumba. Kuzaliwa na kifo zilibaki. Mkunga akawa na uhakika ambao nabii alikuwa ameupoteza.

Mpinzani wake katika uzazi ni Lamashtu, Mama wa Majini, aliyechukuliwa kutoka Mesopotamia pamoja na uadui wake na Pazuzu. Lakini amebadilishwa. Yule wa kale aliua na kuiba watoto. Huyu wa Golarion anataka wazaliwe, mradi wawe wa kutisha. Hadithi ya kwanza ya Pathfinder ina mwanamke anayeitwa Nualia, aliyeachwa na mpenzi wake akiwa mjamzito, akapoteza mtoto, kisha akamgeukia Lamashtu. Wachezaji hukutana naye kama adui, na si kila msimamizi anayewaeleza jinsi alivyofika hapo.

Hapa pana tatizo ambalo wachezaji wengi wamelizungumza. Kuufanya mwili usio wa kawaida uwe alama ya uovu kunaweza kumwumiza mtu mwenye ulemavu, au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, aliyeketi pale mezani. Toleo la pili la Pathfinder (2019) lilimweleza Lamashtu kwa namna yenye utata zaidi. Amri zake zinajumuisha kuwapa nguvu waliotengwa na wanaokandamizwa, pamoja na kufanya vilivyo vizuri viwe vya kutisha, na anakataza kutibu maumbile yasiyo ya kawaida. Amebaki mwovu, ila sasa inaeleweka kwa nini mama aliyefukuzwa kijijini kwa sababu ya mtoto wake anaweza kwenda kwake: ni mungu ambaye hatamkataa mtoto huyo.

Pendragon na hesabu ya dadu

Greg Stafford alirudi katika uzazi kwa njia nyingine kabisa katika Pendragon (1985), mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Kila mwaka wa mchezo huwa na kisa kimoja, kisha huja majira ya baridi ambapo mchezaji hupiga hesabu za nyumba yake. Mojawapo ni jedwali la uzazi. Dadu moja inaweza kuleta mtoto wa kiume, wa kike, mapacha, au kifo cha mtoto, cha mama, au cha wote wawili. Shujaa akifa, mchezaji huendelea na mtoto wake. Kwa hiyo kila mtoto ana maana, na meza nzima hunyamaza dadu hiyo inaporushwa.

Dini iko ndani ya tabia za wahusika. Mkristo husifiwa kwa usafi wa kimwili, mpagani kwa tamaa yenye nguvu, na mchezo hupima sifa hizo kwa namba. Shujaa anaweza kuishi miaka kumi akiwa mfano wa imani yake, kisha akampoteza mkewe kwa mrusho mmoja. Watu wa Ulaya ya zama za kati waliishi na hofu hiyohiyo, na Pendragon ni miongoni mwa michezo michache inayothubutu kuiacha bila dawa.

Katika michezo yenye makuhani wengi waponyaji, hofu hiyo haieleweki kirahisi. Ikiwa kuhani wa kawaida anaweza kuzuia damu kwa sala fupi, kwa nini mama afe akijifungua? Waandishi wa dunia makini hujibu kwa njia mbalimbali: makuhani ni wachache, hekalu liko mbali, au mungu hudai malipo. Kila jibu hujenga jamii tofauti. Hekalu linalookoa akina mama kwa malipo litakuwa na ardhi na wadeni wengi. Linalowaokoa bure litakuwa na watoto waliopewa majina ya mungu wake katika kila kijiji.

Mezani

Wachezaji ni watu halisi. Katika kundi la watu watano anaweza kuwemo aliyepoteza mimba, asiyepata mtoto, au aliyefukuzwa kanisani kwa sababu ya mimba. Kisa cha sadaka ya mtoto mchanga ambacho kwa mmoja ni fantasia kinaweza kumrudisha mwingine hospitalini.

Desturi kadhaa zimezuka kwa ajili hiyo. Ron Edwards, katika kitabu Sex & Sorcery (2003), alitofautisha mipaka na pazia. Jambo lililo nje ya mpaka halitokei kabisa katika mchezo. Lililo nyuma ya pazia hutokea, lakini halielezwi. John Stavropoulos alibuni kadi yenye herufi X inayowekwa katikati ya meza, ambayo mchezaji yeyote anaweza kuigusa ili jambo linaloendelea liachwe, bila kutakiwa kutoa sababu. Mwaka 2020 kitabu rasmi cha Dungeons & Dragons, Tasha's Cauldron of Everything, kiliweka maelekezo ya kikao cha kwanza cha makubaliano kabla mchezo haujaanza.

Kwa uzazi, makundi mengi huchagua pazia. Mkunga wa Pharasma huingia ndani, mlango hufungwa, na mchezo huruka hadi mtoto anapolia. Mengine huweka mpaka kwa jambo moja tu, mara nyingi kifo cha mtoto mchanga, na kuacha mengine yote wazi. Katika Pendragon baadhi ya makundi hukubaliana mapema kuyaondoa matokeo hayo katika jedwali, na dadu ikiangukia hapo hurushwa tena.